Uyoga wa mchwa au panya shamba: klabu ya mazingira mkoani Tabora ichague yupi?

Mwalimu mlezi wa klabu ya mazingira mkoani Tabora, akitaka wanafunzi wake wafuatilie kiumbe mmoja kwa mwaka mzima badala ya kuorodhesha ndege na miti kwa siku moja na kisha daftari likafungwa, ana viumbe wawili ambao hawahitaji safari ya mbali. Wa kwanza ni uyoga mdogo mweupe unaochipuka kwa mamia kwenye makazi ya mchwa mvua zinapokolea, ambao wataalamu huuita Termitomyces microcarpus. Wa pili ni panya shamba, Mastomys natalensis, yule yule anayefukua mbegu za mahindi kabla hazijaota. Makala haya yanawalinganisha ili kumsaidia mwalimu kuchagua mmoja. Kuwachukua wote wawili katika mwaka wa kwanza ni kujitafutia kushindwa, kwa kuwa kila mmoja ana saa zake na kazi zake, na klabu ya shule haina watu wa kugawanya.

Kinachowaunganisha viumbe hawa, ambao mtu angedhani hawana uhusiano wowote, ni mvua. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kumalizika Aprili, na baada yake hufuata kiangazi kirefu. Uyoga na panya wote huitikia mvua hiyo, lakini kwa mwendo tofauti kabisa. Uyoga huitikia kwa siku. Ardhi ikishalowa vya kutosha, mchwa huleta juu vipande vya bustani yao ya kuvu, wanayoitunza kiotani kwa ajili ya chakula, na kuvitandaza, na siku chache baadaye mahali palipokuwa na udongo mtupu huwa peupe pe. Siku mbili tatu tena, jua, funza na vikapu vya akina mama huwa vimeshaumaliza.

Panya huitikia kwa miezi. Mvua huotesha majani machanga, huleta wadudu na baadaye mbegu, na chakula hicho ndicho kinachomwezesha panya jike kuanza kuzaa. Mimba yake huchukua wiki tatu na siku kidogo, na uzao mmoja mara nyingi huwa na watoto kumi au zaidi, kwa hiyo wachache walionusurika kiangazi hugeuka kuwa kundi kubwa kabla mwaka haujafika nusu. Wingi huo huonekana mvua zinapoelekea ukingoni na mwanzoni mwa kiangazi, kisha chakula hupungua shambani, bundi na paka hufanya kazi yao, na idadi hushuka mpaka ikafika chini kabisa karibu na mvua mpya. Mkulima anayesema panya wameongezeka mwezi wa kupanda huwa kwa kawaida anaona madhara zaidi kuliko anavyoona panya: ni wachache, lakini shamba lililolimwa halina chakula kingine ila mbegu yake.

Mwendo huo unakutana vibaya na kalenda ya shule, kwa kila mmoja kwa namna yake. Novemba ni mwezi wa mitihani ya taifa na Desemba ni likizo, ndiyo kusema uyoga wa kwanza wa msimu utachipuka wakati shule haina mtu. Hili si baya kama linavyoonekana, kwa sababu mwanafunzi aliyepewa karatasi ya kujaza anaweza kuufuatilia nyumbani kwao Sikonge au Urambo, na Januari klabu ikakutana ikiwa tayari na taarifa za vijiji vingi. Panya hawezi kufuatiliwa hivyo. Kilele chake huangukia kwenye muhula wa kwanza na likizo ya Juni, na hakuna mwalimu mwenye busara atakayemruhusu mtoto atege panya wa utafiti peke yake nyumbani.

Kumjua aliye mbele yako

Uyoga huu una kofia ndogo, yenye kipenyo cha sentimita moja hadi mbili na nusu hivi, nyeupe au ya kijivu iliyopauka, na katikati yake pana kichongo kigumu kidogo ambacho ndicho kinachotangulia kupenya udongo. Kofia ikifunguka, ukingo wake hupasuka. Shina halina pete, wala chini hakuna kifuko kama kile kinachoonekana kwa uyoga wa jamii ya Amanita. Dalili inayoonekana mbali zaidi ni wingi: haumei mmoja mmoja, bali humea kwa mamia katika eneo dogo. Vichuguu virefu vyenye ukuta mgumu mara nyingi hutoa ndugu zake wakubwa, wenye kofia pana na mzizi mrefu unaoshuka mpaka ndani ya kiota. Huu mdogo hauna mzizi huo, kwa sababu kipande cha bustani kilichouzaa kimeshaletwa juu na mchwa.

Wanafunzi wasiishie kwenye macho. Jioni, wakate mashina ya kofia sita au saba zilizofunguka, waziweke juu ya karatasi nyeupe upande wa matamvua, yaani vile vikunjo vyembamba vya chini ya kofia, ukiangalia chini, wazifunike kwa bakuli na kuziacha usiku kucha. Asubuhi, bakuli likifunuliwa na kofia zikiinuliwa taratibu kwa ncha ya kisu, karatasi itakuwa na duara dogo chini ya kila kofia, lenye mistari myembamba inayotoka katikati kwenda ukingoni, na rangi yake itakuwa ya waridi iliyopauka. Hizo ni spora zilizodondoka, yaani chembe ndogo sana ambazo kwa uyoga hufanya kazi ya mbegu. Duara likiwa jeupe, huo si uyoga wa mchwa. Likiwa la kijani, ambalo litatokea iwapo mwanafunzi ameleta uyoga mkubwa mweupe wa majanini uitwao Chlorophyllum molybdites, mwalimu amepata somo zuri zaidi la siku, kwa sababu huo husababisha kutapika na kuharisha vikali, na watu huuokota wakidhani ni ule mkubwa wa kichuguu. Hata hivyo rangi ya waridi peke yake si kibali cha kula, maana wako uyoga wenye sumu ambao spora zao pia ni za waridi. Klabu ijiwekee sheria kwamba kinachokusanywa kwa ajili ya daftari hakiendi sufuriani kwa jina la klabu. Kila nyumba ina bibi au mama anayeujua uyoga wa pale kwao, na hukumu ya chungu ibaki kwake.

Panya shamba ni mgumu zaidi kutambuliwa kuliko watu wanavyodhani. Ni panya wa kijivu kahawia mwenye tumbo lililopauka, uzito wa gramu 30 hadi 60 kwa wengi waliokomaa, na mkia unaokaribia kulingana na mwili kwa urefu. Panya wa nyumbani ana mkia unaozidi mwili. Wale wadogo kabisa wasiofika gramu kumi ni wa jamii nyingine, wenye mistari mgongoni ni jamii nyingine, na panya buku hachanganywi na yeyote kwa ukubwa wake. Jike aliyekomaa ana alama isiyo na mpinzani: safu mbili za chuchu kutoka kifuani mpaka tumboni, jozi nane hadi kumi na mbili, nyingi kuliko panya wengine wa mashambani. Tatizo ni kwamba dume hana alama hiyo, na kati ya panya wanaofanana kwa sura ndani ya jamii hii wataalamu wenyewe hulazimika kutumia vipimo vya vinasaba. Kwa klabu ya shule, inatosha kuandika jina la jamii (Mastomys) na kuacha jina la spishi (natalensis) kwenye mabano ya alama ya kuuliza.

Kuhesabu

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Uyoga tunaouona si kiumbe kizima. Kiumbe chenyewe ni nyuzi nyembamba za kuvu zilizo ndani ya kiota, juu ya masega ambayo mchwa huyajenga kwa mabaki ya majani makavu na miti waliyoyala. Mchwa hawa hawawezi kumeng'enya miti vizuri peke yao. Hupitisha chakula tumboni haraka pamoja na spora, hukiweka kwenye sega, kuvu hukilainisha, nao hurudi kula sega lililokomaa pamoja na vijidonge vyeupe vya kuvu. Ushirika huo ulianza barani Afrika miaka milioni 30 hivi iliyopita, na kwa kawaida kiota kimoja hutunza kuvu mmoja tu kwa vinasaba. Kwa hiyo uyoga elfu moja waliochipuka kwenye kipande kimoja cha ardhi wanaweza kuwa matunda ya kiumbe mmoja, na anayewahesabu kisha akaandika idadi ya viumbe amehesabu maembe akadhani amehesabu miembe.

Hili linabadilisha swali ambalo klabu inaweza kuuliza. Swali la "wako wangapi" halina jibu rahisi. Maswali yenye majibu ni ya wakati na mahali. Mvua ya milimita ngapi ilinyesha kabla uyoga wa kwanza haujatoka? Kipande kilichochipusha Januari kilichipusha tena Februari, au mwaka huu kimeshamaliza? Mahali palipochimbwa udongo wa tofali pametoa uyoga au la? Kwa kazi hiyo zinahitajika mambo ya kawaida: kigingi chenye namba kwa kila kipande, chupa ya plastiki iliyokatwa na kupigwa mistari ya milimita kwa ajili ya kupimia mvua, rula, na mwanafunzi wa zamu atakayepita kila asubuhi kabla ya kengele. Chupa hiyo ni lazima iwe na kitako bapa na pande zilizonyooka, vinginevyo vipimo vyote vya msimu vitakuwa na kasoro. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifanya kazi hii vizuri, na matokeo yake yatalinganishika mwaka hadi mwaka hata walimu wakihamishwa.

Panya, kinyume chake, anahesabika, na hesabu yake ni nzuri sana kwa darasa la kidato cha tano na sita. Mitego ya kisanduku, ile inayomfungia panya akiwa hai, hupangwa kwa mistari, mtego mmoja kila baada ya mita kumi, na chambo huwa karanga zilizosagwa zikachanganywa na unga wa mahindi. Asubuhi mapema, kabla jua halijapasha bati la mtego, kila panya huhamishiwa kwenye mfuko wa kitambaa, mfuko hutundikwa kwenye mizani ya kuning'iniza, uzito wa mfuko mtupu huondolewa, jinsi huandikwa, nywele za mgongoni hunyolewa kidogo mahali palipokubaliwa ili kuwa alama, na panya huachiwa pale pale alipokamatwa. Usiku unaofuata mitego hutegwa tena. Tuseme usiku wa kwanza walitiwa alama panya 30, na usiku wa pili wakakamatwa 40, kati yao 12 wakiwa na alama. Ukizidisha 30 kwa 40 na kugawanya kwa 12, unapata 100, ambayo ndiyo makadirio ya panya wa eneo hilo. Makadirio hayo yanasimama juu ya masharti: kwamba hakuna walioingia wala kutoka katikati ya siku hizo mbili, kwamba alama hazikupotea, na kwamba panya aliyewahi kunaswa hajawa mwoga wa mtego wala mlafi wa karanga. Kujadili masharti hayo ni somo lenye uzito kuliko jibu lenyewe, na hapa lazima nikiri kwamba uyoga hauna kitu cha kulinganisha.

Ndiyo maana Tanzania imeijua sayansi ya panya kwa kina. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro kimemfuatilia panya shamba kwa miongo kadhaa kwa njia hiyo ya kumkamata, kumtia alama na kumkamata tena, na kutokana na kazi hiyo inajulikana kwamba mvua za miezi iliyopita zinaweza kutumika kubashiri wingi wa panya wa miezi ijayo. Mwanafunzi wa Tabora atakayeifanya kazi hii atakuwa na kitu cha kujilinganisha nacho, ila akumbuke kwamba Morogoro ina vuli na masika, na mwendo wa panya wake hauwezi kunakiliwa kama ulivyo kwa mkoa wenye msimu mmoja.

Usalama, vifaa na ruhusa

Uyoga hauna hatari kwa anayeushika. Hatari yake iko mdomoni tu, na sheria ya kutokula inaiondoa. Hatari nyingine ni ya mahali: nyoka hupenda mashimo ya vichuguu, kwa hiyo viatu vya kufunika mguu na fimbo si anasa.

Panya ni habari nyingine. Mkojo wake unaweza kubeba vimelea vya leptospirosisi, ugonjwa ambao Watanzania wengi waliusikia kwa jina la homa ya mgunda ulipolipuka mkoani Lindi mwaka 2022. Viroboto wa panya ndio wanaosambaza tauni, na wilaya ya Lushoto iliteseka na tauni kwa miaka mingi kuanzia mwaka 1980. Panya wa spishi hii hii ndiye anayebeba virusi vya homa ya Lassa, ingawa huo ni ugonjwa wa Afrika Magharibi na mwalimu asiwatishe wazazi kwa kuutaja kana kwamba uko Nzega. Ukijumlisha haya yote, kumshika panya wa porini kunadai glavu nene, mikono mirefu, sabuni na maji ya kutosha palepale shambani, mtu mzima aliyefundishwa, na maandishi ya wazazi. Shule inayokosa hata kimoja kati ya hivyo isianze.

Iko njia ya katikati, nayo inapendeza. Bundi mweupe wa maghalani humeza panya mzima na kutapika kifurushi cha nywele na mifupa, na chini ya mahali anapolala mchana vifurushi hivyo hukusanyika. Vikikusanywa kwa glavu, vikapashwa moto kwenye oveni au jiko ili kuua vimelea, kisha vikafumuliwa kwa sindano, fuvu za panya hutoka zikiwa kamili na meno yake. Klabu inaweza kuhesabu fuvu kwa mwezi bila kumgusa panya hata mmoja. Kikwazo ni cha kijamii zaidi: wapo wazazi watakaouliza kwa nini watoto wao wanafuatafuata bundi, na mwalimu ajiandae kulieleza jambo hilo kwenye kikao kabla halijamfikia mtendaji wa kijiji kwa sura nyingine.

Kwa upande wa gharama, uyoga unashinda bila ubishi. Mitego ya kisanduku iliyotengenezwa kiwandani huagizwa kutoka nje, na ile ya kutengenezwa na fundi wa mabati mjini hufanya kazi lakini ni lazima ijaribiwe kwanza, kwa kuwa mlango mzito hukata mkia. Mitego ya kubana ni rahisi na inapatikana kila gulio, ila inaua, na panya aliyekufa hawezi kukamatwa mara ya pili, hivyo hesabu nzima ya makadirio huanguka. Kuhusu ruhusa, shamba la mtu linahitaji ridhaa ya mwenyewe, na ndani ya msitu wa hifadhi ni lazima kupata kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, awe anayefuatwa ni panya au uyoga.

Jambo moja zaidi kuhusu mahali, ambalo linaweza kushangaza. Uyoga mwingi unaopendwa wa miombo ya Tabora, hasa ule wa njano wenye umbo la faneli, unaishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti kama mtundu, na miti ikikatwa kwa ajili ya kukaushia tumbaku au kuchoma mkaa, nao hutoweka. Uyoga wa mchwa hautegemei mti maalumu. Unategemea mchwa, na mchwa huishi hata kwenye shamba lililoachwa au nyuma ya bweni. Shule ya katikati ya mji isiyo na msitu karibu bado inaweza kuufuatilia, mradi watunzaji wa bustani ya shule hawamwagi dawa ya kuua mchwa kila wanapowaona. Panya shamba naye hustawi palipolimwa, na shule zilizozungukwa na mahindi, karanga au majaruba ya mpunga zitampata bila kutafuta.

Kwa hiyo, kwa shule ya msingi na kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, ninapendekeza uyoga, bila kusita. Kwa kidato cha tano na sita chenye mwalimu wa biolojia na mwalimu wa hisabati walio tayari kufanya kazi pamoja, na chenye mtaalamu wa kilimo au afya wa halmashauri atakayekubali kuja asubuhi za kutegua mitego, panya atawapa zaidi. Yupo pia mwalimu mwenye hamu ya panya lakini asiye na mtaalamu. Huyo aanze na vifurushi vya bundi kwa mwaka mmoja, aandike fuvu ngapi alizipata kila mwezi kuanzia Februari hadi Agosti, na karatasi hiyo ndiyo aende nayo halmashauri kuomba msaada wa mitego.